Filta ya sponji pacha kwa tangi la lita 100: inatosha?

Filta hii ni sponji mbili zinazoendeshwa na pampu ya hewa, na kwenye boksi wameandika "hadi lita 150". Namba hiyo isikubabaishe. Bakteria wanaoishi kwenye sponji na kusafisha maji hawali lita, wanakula amonia, sumu itokayo kwenye taka za samaki, na amonia inatokana na chakula unachomwaga. Kwa hiyo anza na kopo la chakula: gramu 50 zinakwisha siku ngapi? Zikikwisha siku 20, unalisha gramu 2.5 kwa siku. Kama chakula hicho kina protini asilimia 40, kinazaa miligramu 90 hivi za amonia kila siku. Tangi la lita 100 lisilo na bakteria litakaribia miligramu 1 kwa lita kesho yake tu.

Sasa pima sponji zenyewe. Hizi zina kipenyo cha sentimita 8 na kimo cha 10. Ukitoa tundu la katikati, zote mbili zinakaribia lita 1, yaani takriban mita 1 ya mraba ya mahali pa bakteria kushikilia. Kiasi hicho kinabeba gramu 2.5 hadi 3 za chakula kwa siku bila wasiwasi. Samaki wadogo kama gapi 20 hawatafika huko. Mbuna (samaki wakubwa kiasi wa Ziwa Nyasa) 12 waliokomaa watapita, hivyo weka filta mbili hata kama tangi ni lilelile. Na ukiambiwa vigae vya kauri vinavyowekwa kwenye filta badala ya sponji vina mamia ya mita za mraba kwa lita, uliza maji yanaingiaje kwenye vitundu vidogo kiasi hicho. Mengi hayaingii.

Kwa Arusha tunaipendelea kuliko filta ya nje ya kopo. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hapa hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar yenye joto lilelile. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni nyingi, na mapovu ya sponji yanatikisa uso wa maji muda wote. Umeme ukikatika saa kadhaa, bakteria walio ndani ya kopo lililofungwa hukosa hewa, na umeme ukirudi uchafu wote unarushwa kwa samaki. Kwenye sponji unachomoa mpira wa hewa na kuuchomeka kwenye pampu ya betri, basi.

Usiharakishe samaki. Kwenye nyuzi 26 bakteria hukomaa wiki 4 hadi 6. Julai, maji yakiwa nyuzi 18 bila hita, hesabu hata maradufu. Maji mengi ya huku chini ya Meru yana asili ya magadi. Magadi hayo huwasaidia bakteria kufanya kazi, lakini kwenye pH (kipimo cha asidi na magadi ya maji) 8.2 sehemu ya amonia iliyo sumu kali ni zaidi ya mara 10 ya ile ya pH 7.

Kuosha: sponji moja tu kwa zamu, kila wiki 2 au 3, ndani ya ndoo yenye maji ya tangi. Ukiosha zote mbili kwa maji ya bomba yenye klorini, umerudi wiki ya kwanza. Mapovu yakipungua ilhali sponji ni safi, angalia kiwambo cha mpira ndani ya pampu, huchanika. Sponji mpya huelea, ikamue ndani ya maji mpaka hewa yote iishe.

Tunaipa nyota nne. Ya tano imekosa kwa sababu vinyonyeo vya kushikia kwenye kioo huachia mapema, maji hayawi angavu sana, na boksi halina vali ya kuzuia maji kurudi. Nunua vali hiyo siku hiyohiyo, au weka pampu juu kuliko usawa wa maji. La sivyo umeme ukikatika usiku maji yatashuka na mpira mpaka kwenye pampu, na kutoka hapo mpaka kwenye soketi.