Kitabu cha ufunguzi cha Lichess: bure, lakini chuja kwanza

Kwa kujiandaa na mashindano ya sataranji (chess), huduma hii ya tovuti ya Lichess, inayoonyesha hatua za mwanzo wa mchezo, inatosha, tena haina malipo wala matangazo. Fungua ubao wa uchambuzi, bonyeza alama ya kitabu: kila hatua inakuja na idadi ya michezo na mgawo wa ushindi na sare.

Ukiamini asilimia pekee utaumia. Angalia Stafford, ufunguzi wa weusi: 1.e4 e5 2.Nf3 Nf6 3.Nxe5 Nc6 4.Nxc6 dxc6. Kwenye michezo ya haraka weusi huvuna kwa mitego, mfano 5.e5 Ne4 6.d3 Bc5! 7.dxe4 Bxf2+ na malkia wa weupe amekwenda. Washa Stockfish, programu ya kuchambua mchezo: 5.d3 tu, weupe wako mbele.

Anza na hifadhi ya Masters (michezo ya mabingwa). Ile ya Lichess (michezo ya watumiaji wake) ichuje kwa kiwango cha wachezaji na muda wa mchezo. Hatua yenye michezo mitano isikushawishi.