Uzoefu wangu: chuo kilinilipia nasari ya mtoto nikiwa nasoma Access hapa Uingereza

Naandika hii kwa sababu kila wiki lazima kuna mtu anakuja inbox, "dada hivi ulimwacha mtoto kwa nani ukasoma", nimechoka kurekodi voisi zile zile. Jibu fupi ni kwamba nasari ililipwa na chuo, na sio mkopo, hizo hela hurudishi. Naupa mpango wenyewe nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja iliyobaki nimeikata kwa hasira, ntaeleza hapo chini.

Kwanza mjue nazungumzia England tu. Scotland na Wales wana utaratibu wao, usichukue maneno yangu ukaenda kugombana na mtu Glasgow.

Mimi Mtanzania, nina makazi ya kudumu, namlea mtoto peke yangu, nilikuwa napiga kea, kazi ya kutunza wazee na wagonjwa, kama wengi wetu. Nikaamua nisome Access to HE ya afya, ile diploma ya mwaka mmoja inayokuingiza chuo kikuu kusomea unesi au ukunga hata kama vyeti vyako vya nyumbani wamevikatalia. Mtoto wakati huo hajafika hata miaka miwili. Na hapo ndo utajua hii nchi inampenda nani, maana mzazi anayefanya kazi tangu Septemba 2025 anapewa masaa 30 ya nasari kwa wiki kuanzia mtoto ana miezi 9, mradi aingize angalau mshahara wa masaa 16 ya kima cha chini kwa wiki, mwaka wa 2025/26 ilikuwa kama pauni 195. Kama mko wawili basi wote wawili mfikishe. Universal Credit, ile posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nayo inarudisha mpaka asilimia 85 ya gharama za nasari, lakini kwa mtu aliye kazini. Sasa mimi niliyepunguza shifti nibaki na moja ya wikiendi ili nisome sifikishi hiyo 195, kwa hiyo masaa 30 siyapati. Ukibeba boksi wanakushangilia, ukishika kalamu wanakuuliza mtoto unampeleka wapi.

Haya, hela yenyewe inatoka wapi. Kama una chini ya miaka 20 siku unaanza kozi, kuna kitu kinaitwa Care to Learn, hicho ni cha serikali moja kwa moja na viwango vyake vinajulikana, mpaka pauni 180 kwa wiki kwa kila mtoto, London 195. Ukishafika 20 hicho kimekupita. Sisi watu wazima tunategemea mfuko ulioko ndani ya chuo chenyewe, serikali inawapa hela wanaita Learner Support na ndani yake kuna fungu la nasari kwa wenye miaka 20 na kuendelea. Na kama kozi yako ada inalipwa na Advanced Learner Loan, mkopo wa serikali wa ada, kama Access yangu, basi fungu linaitwa Loan Bursary. Majina yasikutishe, mlango ni ule ule, nenda Student Services, ofisi ya huduma za wanafunzi, uliza "20+ childcare", wataelewa. (Ule mkopo wa ada ya Access ndo deni kweli, ila ukimaliza digrii baadaye wanaufuta. Watu wengi hawajui hili wanaogopa bure.)

Neno la kuliangalia kwenye fomu zao ni kwamba msaada ni kwa hiari ya chuo. Maana yake sio haki yako kama child benefit, ile posho ya mtoto. Kila chuo kinajipangia kipato cha juu kiasi gani, kinalipa shilingi ngapi kwa siku, na chungu kikiisha kimeisha. Mwenzangu darasani aliomba Novemba akaambiwa hakuna kitu, ana shida kuliko mimi, watoto wawili. Mimi niliulizia mwezi wa tano, kabla hata sijafanya intavyuu, yule dada wa ofisini akaniambia fomu zinafunguliwa lini nikaweka alamu kwenye simu. Kwa hiyo kabla hujafurahia kupata nafasi ya kusoma, uliza kwanza ya mtoto.

Makaratasi waliyotaka kwangu: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, taarifa za Universal Credit za miezi mitatu, barua ya nasari yenye bei na namba ya Ofsted (shirika la serikali linalosajili na kukagua nasari), halafu ratiba ya darasa. Ofsted hapo hakuna mjadala, nasari au mlezi wa nyumbani lazima awe amesajiliwa. Bibi yake akija kwa visa ya kutembea, au shangazi wa mtaa wa pili anayelea watoto wa Waswahili wote, hawalipwi hata senti, wewe jipange nao mwenyewe kwa jumamosi.

Sasa nyota niliyoikata. Chuo kinataka ratiba ndo kikubali, ratiba inatoka wiki ya mwisho kabla ya kuanza, nasari inataka dipoziti sasa hivi la sivyo nafasi anapewa mwingine, na ikishaanza inataka ilipwe mwezi mbele wakati chuo kinalipa baada ya mwezi kuisha na baada ya kuhakiki kwamba ulihudhuria. Unaona hapo katikati kuna shimo, na anayetakiwa kulifukia ni yule yule ambaye mmeshahakiki makaratasi yake kwamba hana hela! Mimi niliokolewa na mchezo, tuko akina mama kadhaa tunachanga kila mwezi, nikawaomba zamu yangu isogezwe mbele wakakubali. Asiye na mchezo anafanyaje? Nilimuuliza meneja wa pale chuoni, akanipa kikaratasi cha benki ya chakula. Nasari baadaye walikubali kusubiri invoisi ya chuo, ila hiyo ni roho nzuri ya meneja wa nasari, haijaandikwa popote, na nyingine nilizopiga simu zilikataa kabisa zikisikia neno chuo.

Kinacholipwa ni masaa ya darasani kama yalivyo kwenye ratiba, kwangu waliongeza kidogo ya njiani. Muda wa kujisomea hawalipi. Access ina insha zisizoisha, baiolojia, saikolojia, na yote hayo utayafanya mtoto akilala, jipange kisaikolojia kweli sio ya darasani. Likizo za chuo hawalipi pia, na nasari ya mwaka mzima haijui likizo ya mtu, inataka hela yake ya kushikilia nafasi. Tafuta nasari inayofuata mihula, wiki 38 kwa mwaka, hapo mnakwenda sawa na chuo. Mimi niliipata ya pili hivyo na kichwa kikapoa.

Mtoto akifika miaka miwili mambo yanabadilika. Kama unapokea Universal Credit na mshahara wako baada ya kodi hauzidi pauni 15,400 kwa mwaka, anapata masaa 15 bure muhula unaofuata baada ya bethidei, na akifika mitatu masaa 15 ni ya kila mtoto, kipato sio ishu. Wa kwangu alitimiza miwili Novemba, akaanza kuyatumia Januari. Chuo kitakutaka uyatumie hayo kwanza halafu wao wanajazia yanayobaki, usiwafiche, wanauliza, na hiyo ndo inafanya chungu kifike kwa wengine.

Mahudhurio wanayafuatilia kama polisi. Usipoingia darasani bila taarifa siku hiyo hailipwi, na nasari inakudai wewe. Mtoto alipata tetekuwanga, nasari hawamtaki mpaka vipele vikauke, mimi darasani siendi, bili inakuja. Nilimwandikia mwalimu asubuhi ile ile nikaambatanisha meseji ya nasari, wakalipa. Andika kila kitu, maneno ya mdomo hayana risiti.

Kuna mama mmoja Mkongo tunakutana naye kantini, yuko ESOL, kozi ya Kiingereza kwa wageni, aliniuliza, "Mama, miye niko na batoto babili, nani atabachunga?" Nikampeleka mwenyewe dirishani. Kumbe watu wanadhani msaada ni wa kozi kubwa tu, hapana, hata ya Kiingereza na hesabu inahusika ilimradi kozi yenyewe unastahili kulipiwa na serikali. Hapo ndo wengi wetu tunakwama, kwa kawaida wanataka uwe na makazi halali ya kudumu na umekaa miaka 3, ila aliyepewa hadhi ya ukimbizi hasubirishwi hiyo miaka 3. Yule mama alipita. Wenye visa za kazi, za kea hasa, ulizeni kabla ya kujaza chochote, wengi watawaambia hapana mlangoni, na ni bora hapana ya mlangoni kuliko ya Oktoba.

Kwa mnaoniuliza chuo kikuu itakuwaje, huko mfuko huu haufuati. Unahamia Childcare Grant ya Student Finance, wale wa serikali wanaotoa hela za wanafunzi wa chuo kikuu, mpaka asilimia 85 ya gharama, kikomo mwaka wa 2025/26 ni pauni 199.62 kwa wiki kwa mtoto mmoja. Na ukisoma unesi NHS (huduma ya afya ya serikali) wana pauni 2,000 kwa mwaka kwa mzazi, juu ya zile 5,000 za kila mwanafunzi. Ile asilimia 15 inayobaki ni yako, na shifti za mafunzo hospitali zinaanza alfajiri wakati nasari nyingi bado zimefungwa. Hilo ndo nalitafutia ufumbuzi sasa hivi, aliyepata mlezi wa kuanzia saa 12 asubuhi aniambie alimpataje.