Kabati jeusi la Godwin nimechongewa Ngamiani

Jamani mie nina mwaka mzima natafuta kabati la vyombo lisilo na mbwembwe, maana mengi ya hapa Tanga mjini ni maua mlangoni, taji juu, vioo vya rangi, na sebule yangu ndogo, likiingia moja la hivyo hata pa kupita hamna. Nikakumbuka kabati la Godwin, yule msanifu majengo wa Uingereza, Edward William Godwin aliyezaliwa Bristol 1833, moja lipo makumbusho ya Victoria and Albert kule London. Ndo nikapeleka picha yake kwenye simu kwa mafundi seremala wa Ngamiani, karakana siitaji jina kwasababu nina malalamiko pia.

Fundi mkubwa, mtu mzima, akaikuza picha kwa vidole, akaitazama weee, akaniuliza, "Mwanangu, huyu bwana katoa nini hapa?" Kwa swali lile tu nikaacha advansi palepale. Maana uzuri wa lile kabati ni vile vilivyotolewa. Godwin hakuwahi kufika Japani, aliijua kupitia picha za Kijapani na vitu vilivyoanza kujaa London baada ya maonyesho ya kimataifa ya 1862 palepale London, na akaokota jambo moja, mbao za wima na za mlalo zikutane vizuri halafu katikati pabaki wazi. Rafu ya kati inakaa kama inaelea kwenye vijiti vyembamba, mwanga wa dirishani unapita hadi ukutani. Yani pale patupu ni sehemu ya kabati kama ulivyo mlango wake, na wale mafundi walilielewa hilo, hawakuongeza hata ua moja la kunifurahisha.

Kwenye mbao tulibishana. Mie nilitaka za msindano nipunguze gharama, mzee akagoma, akasema vijiti vyembamba vile kwa mbao laini havifiki mwaka. Na kweli, Godwin mwenyewe yalimkuta, kabati lake la kwanza la nyumbani, 1867, lilikuwa la mbao laini, halikumridhisha, akachongesha jingine la mahogani likapakwa nyeusi lifanane na mpingo. Basi langu tukaenda na mtiki wa Longuza, lile shamba la miti la Muheza, laki nane na nusu pamoja na guta la kulileta Chumbageni. Maungio hayana msumari hata mmoja, ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu lake na gundi basi, nimepitisha ukucha pale zinapokutana haukwami popote.

Sasa malalamiko. Niliambiwa wiki tatu nikalipata ya kumi, kila nikipiga simu "kesho mama", na hiyo kesho nimelipia nauli ya bajaji mara nne. Halafu rangi, vijana walipaka mkono wa pili wa kwanza haujakauka, na masika ndo ilikuwa imeanza, nikaweka kitambaa cheupe cha kufuma cha marehemu bibi, asubuhi nakiinua kina mistari myeusi. Niliumia sana, kile hakinunuliki. Mlango wa kushoto nao ukavimba ukawa unakwaruza chini. Ila mzee alikuja mwenyewe, hakubishana, akaung'oa akaupiga randa, akapiga msasa juu kote, akapaka upya na kunikataza kuweka kitu siku tano. Mpaka leo haliachi rangi.

Bawaba na vishikio tafuteni wenyewe, vyao ni vile vya dhahabu vinavyomeremeta, la Godwin lina vya rangi ya fedha, mie nilizunguka maduka ya vifaa siku mbili ndo nikapata. Kazi yao naikubali na nitarudi kwa meza, ila mkienda wawaoneshe mbao kabla hawajapaka, maana ikishakuwa nyeusi hujui tena chini kuna mti gani.