Singin' in the Rain: niliitazama na Bibi

Niliikodi mtandaoni Jumapili moja, kwa bei isiyofika sahani ya chipsi kuku, nikaitazama sebuleni na bibi yangu. Bibi ni mtu wa Tanga, msichana wa enzi za Raj Kapoor, nyota wa filamu za Kihindi. Kwake filamu isiyo na wimbo ni taarifa ya habari. Mwenye wasiwasi nilikuwa mimi. Filamu ya 1952, watu wako kwenye mazungumzo mara wanaanza kuimba! Nilijiwekea nusu saa, isiponikolea nazima.

Hatukuzima. Hadithi iko Hollywood mwaka 1927, filamu bubu zinapoanza kusema. Nyota wa kike, Lina Lamont, ana sura ya hurulaini na sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Siku ya kurekodi wanaficha kipaza sauti kwenye kichaka. Lina akigeuza kichwa, maneno yanapotea. Wanakihamishia kifuani kwake, moyo wake unadunda kama ngoma. Nilikuwa namtafsiria Bibi, maana manukuu yalikuwa ya Kiingereza tu na yalichelewa kama sekunde mbili (kosa la huduma niliyokodia, si la filamu). Hapo akanikata: "Nyamaza mjukuu wangu, nimeshaelewa." Kinachochekesha ni kwamba kuna sehemu sauti na picha zinaachana kabisa na watu ukumbini wanavunjika mbavu, na kwa muda sikujua nimlaumu nani.

Kwenye kucheza, sina la kusema ila kuvua kofia. Gene Kelly, aliyeiongoza pamoja na Stanley Donen, anakuonyesha mchezaji mzima, kofia hadi viatu, kwa hiyo hakuna pa kudanganyia. Ile ya mvua anafunga mwavuli makusudi, anarukia nguzo ya taa, anakanyaga madimbwi kama mtoto aliyetoroka nyumbani, mpaka polisi anakuja kusimama nyuma yake. Siku hizo alikuwa na homa kali. Debbie Reynolds alikuwa na miaka 19 na dansi hakuisomea; wimbo wao wa alfajiri ulimtoa damu miguuni. Donald O'Connor anapopanda ukuta kwa miguu na kujipindua, Bibi alishika kiuno chake mwenyewe. "Huyu kesho haamki."

Kasoro ipo. Karibu na mwisho wanaweka dansi ndefu ya Broadway, zaidi ya dakika kumi, isiyohusiana na kisa. Cyd Charisse na gauni lake la kijani anastahili kutazamwa, lakini Bibi alikwenda kuchemsha chai, akarudi, bado wanacheza.

Kilichonikaa zaidi ni habari ya sauti. Kwenye kisa, binti asiyejulikana, Kathy, anamwimbia Lina kwa siri, na mwishowe pazia linafunguliwa watu wamwone mwenye sauti. Nilipiga makofi. Baadaye nikasoma kwamba wimbo wa taratibu ambao Reynolds, yaani Kathy, anamwimbia Lina, Reynolds hakuuimba. Uliimbwa na Betty Noyes. Na pale Kathy anapomsemea Lina kwa sauti laini, sauti ile ni ya Jean Hagen mwenyewe, aliyeigiza Lina! Yule mwenye sauti ya bawaba.

Nikamweleza Bibi, nikitegemea atashangaa. Wala. Akasema Raj Kapoor naye alikuwa anaimbiwa na Mukesh, mji mzima ulijua, na Mukesh alikuwa na wapenzi wake, na Lata, aliyewaimbia waigizaji wa kike, ndiyo usiseme. "Sasa huyo wa kwao anaitwa nani?"

Betty Noyes, nikamwambia. Akataka alione jina. Nikarudisha filamu mpaka mwanzo, tukayapitia majina yote polepole, Bibi kavaa miwani, na mimi nikimsomea moja moja. Halimo.