Fundi wa Kibuye aliyenitolea gari kumiss

Hii riviu nimekuwa nikitaka kuiandika tangu gari ipone. Nina Toyota Fielder, ile ya injini ya 1NZ, 1500cc, naiendesha kila siku kutoka Kisumu hadi shule ninayofunza upande wa Kiboswa, kwa hivyo kila asubuhi lazima nipande mlima wa Riat. Mwezi wa nne ikaanza kumiss, yaani silinda inaruka bila kuwaka. Ukisimama inatetemeka hadi kwenye kioo unaona gari za nyuma zinachezacheza, na nikianza tu kupanda kutoka Mamboleo inakosa nguvu kabisa, matatu zinanipigia honi, taa ya injini inawaka inazima inawaka inazima, na huku nyuma kwa silensa kunanuka petroli mbichi.

Kwanza niliipeleka gereji ingine mjini, jina siweki. Wakasema ni plagi, nikanunua nne mpya. Bado. Wakasema ni pampu ya mafuta, hiyo nikalipa 6,500 na leba juu. Bado. Siku ya tatu ikawa sasa injekta zote zitolewe zioshwe, na isipopona tutafute injini ingine eks-Japani. Hapo nikaomba funguo yangu. Nilikuwa nimeshatoa karibu elfu kumi na mbili na gari inatetemeka vilevile, na hiyo ni pesa nilikuwa nimewekea mtoto karo, iliniuma sana.

Mwenzangu wa stafrumu ndiye alinielekeza kwa huyu mzee, nyuma ya soko la Kibuye, kule jua kali wanagonga masanduku na majiko. Hana bango. Nilifika saa tatu, na kabla hata hajashika spana akaniuliza maswali. Inamiss ikiwa baridi ama ikishapata moto? Mvua ikinyesha inazidi? Oili inapungua? Plagi ziliwekwa lini na nani? Ndio akachomeka mashine ya kusoma kodi za hitilafu chini ya stiaringi, ikaleta P0302. Akanigeuzia skrini nione. "Mwalimu, hiyo mbili ya mwisho ni silinda ya pili. Mashine imetuonyesha nyumba, sasa ni sisi tuingie tuone nani mgonjwa."

Akawasha injini akaanza kuchomoa soketi za koili, zile zinazopelekea kila plagi umeme, moja moja. Akichomoa ya kwanza gari inazidi kutetemeka, anarudisha. Ya tatu hivyo, ya nne hivyo. Ya pili alipochomoa hakuna kitu kilibadilika, sauti ikabaki ile ile. Hiyo silinda imelala, akasema. Akanieleza injini ikitulia kwa mizunguko kama 700 kwa dakika kila silinda inafaa iwake mara 350, maanake inawaka mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hivyo ile mtetemo ninausikia kwa kiti ni ile nafasi moja inapita kila mara bila moto.

Alipofungua bolti ya namba kumi na kuvuta ile koili, mpira wake ulitoka umelowa oili, umevimba na kuwa laini kama ndizi imekaa sana, na ndani kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama umechorwa na penseli. Akaniambia huo mstari ndio njia moto wa umeme ulikuwa unatorokea badala ya kufika kwa plagi. Akafunga kitambaa kwa bisibisi, akanyonya oili yote kwenye kile kishimo kwanza ndio akafungua plagi, maanake ukifungua oili ikiwa bado hapo inateremka ndani ya silinda. Sasa fikiria, wale wa kwanza walitoa hizo plagi na mikono yao. Hiyo oili waliiona. Waliweka plagi mpya katikati yake wakafunga wakanilipisha.

Hata hapo hakuniambia kanunue koili. Alisafisha plagi, akakausha kishimo, akahamisha ile koili kwa silinda ya tatu, ya tatu akaileta kwa ya pili, akafuta kodi, tukaendesha hadi Kondele na kurudi. Mashine sasa ikasema P0303. Shida imehama na koili! Hapo hakuna kubahatisha tena. Lakini akasema oili imetoka kwa gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, tukibadilisha koili tu na kuacha gasketi, hata mpya itakufa vilevile.

Nililipa hivi: koili eks-Japani 2,000, gasketi 1,200, leba 1,500, mashine 500. Jumla 5,200, na koili mbaya akanipa nibebe. Tena alinikanya, hiyo taa ikianza kuwaka na kuzima usiendelee kusukuma gari mlimani, petroli ambayo haikuchomeka inaenda kuungulia kwa kataliti, ile ya kusafisha moshi kabla ya silensa, inapata joto kupita kiasi inaharibika, na bei ya kataliti si ya koili.

Yale hayakunifurahisha: hana kivuli, kijana aliyetumwa spea alikaa karibu saa nzima, na kazi niliyoambiwa itaisha saa nane iliisha saa kumi. Risiti lazima uombe, anaandika kwa karatasi ya daftari, lakini anaandika kila kitu na bei yake.

Sasa ni wiki ya tano. Juzi nimepanda Riat na walimu wanne ndani na katoni za mitihani nyuma, na taa haijawaka. Ukienda fika mapema kabla ya saa tatu, juu gari ya nne hapokei siku hiyo, na Jumapili hafungui.