Mkopo wa sacco wa kukarabati nyumba: riba nzuri, utoaji wa pesa una kasoro

Jibu la haraka: chukua, lakini usibomoe paa kabla ya kusoma ukurasa wa ratiba ya utoaji wa pesa. Kwa mwenye nyumba wa Buruburu, Umoja au Kayole aliye na akiba, mkopo huu wa sacco (chama cha akiba na mikopo) moja ya waajiriwa hapa Nairobi ni nafuu kuliko mingi inayotangazwa kwenye simu. Kasoro yake haiko kwenye riba. Iko kwenye jinsi pesa zinavyotolewa.

Riba ni asilimia 1 kwa mwezi, kwa salio linalopungua, yaani kwa deni lililobaki tu. Sh300,000 kwa miezi 36 ni kama Sh9,964 kwa mwezi, na riba yote haifiki Sh59,000. Mkopeshaji mwingine atakuambia "asilimia 12 kwa mwaka" kumbe anahesabu kwa mkopo mzima mpaka siku ya mwisho: hapo riba ni Sh108,000, na kila mwezi unalipa Sh11,333. Kuwatofautisha ni rahisi. Muulize afisa, mwezi wa 30 nitatozwa riba ya shilingi ngapi? Jibu sahihi ni kama Sh670. Akisema Sh3,000, shika njia.

Ada ya kushughulikia fomu pamoja na bima ni asilimia 2, na hukatwa kabla pesa hazijakufikia, kwa hiyo panga kazi ya Sh294,000. Masharti mengine ni ya kawaida: mkopo usizidi mara tatu ya akiba, uwe umechangia miezi 6, wadhamini ambao akiba zao hazijafungwa na mikopo ya wengine, na nakala ya hati ya nyumba. Hati yenyewe inabaki kwako, jambo zuri. Wengi hukwama kwenye hati ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote, ya mkopo yakiwemo, kupita theluthi mbili ya mshahara, na siku hizi SHIF (bima ya afya ya jamii) inachukua asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5 (ushuru ambao, kwa taarifa yako, hautakuzibia hata tundu moja la bati). Piga hesabu hiyo kabla ya kuanza kuwasumbua wadhamini.

Mkaguzi wa nyumba wa sacco ndiye sehemu bora ya huduma hii. Haangalii rangi, anaangalia chanzo. Sehemu kubwa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, imekaa juu ya udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, kwa hiyo ufa ukutani unaweza kuwa wa plasta tu au wa msingi. Ufa mwembamba kama unywele, unaosambaa ovyo, huwa ni plasta iliyokauka haraka kwa sababu fundi hakuimwagia maji. Ufa unaopanda kingazi kufuata viungo vya mawe, mpana juu kuliko chini, si wa kupiga plasta. Mkaguzi hubandika kipande cha plasta juu ya ufa, anaandika tarehe, kisha anarudi baadaye. Kikiwa kimekatika, nyumba bado inasonga, na mkopo wa rangi haupitishwi. Waombaji hukasirika, lakini yeye ndiye mwenye haki. Ni vivyo hivyo kwa unyevu unaopanda kutoka sakafuni: ukiupaka rangi, rangi itabanduka.

Sasa kasoro. Pesa hutoka kwa awamu tatu: asilimia 40, 40 na 20, na kila awamu husubiri mkaguzi aone kazi ya awamu iliyotangulia. Kwa mabomba, choo, nyaya za umeme au plasta, mpango huu unafaa sana. Kwa paa haufai. Paa halifunguliwi nusu, na asilimia 40 mara nyingi haitoshi bati, mbao za kenchi, misumari na fundi kwa pamoja. Ukibomoa kwa pesa za awamu ya kwanza, utamsubiri mkaguzi ukiwa chini ya turubai. Dawa ni kuomba, kabla ya kusaini, iandikwe kwamba vifaa vilivyofika nyumbani vinahesabiwa kama kazi iliyofanyika. Awamu ya kwanza inunue mbao na sehemu ya bati, ya pili imalizie bati, ndipo ubomoe. Wakikataa kuandika, punguza kazi au ongeza akiba yako kwanza. Fomu iingie kufikia Desemba, kwa sababu mvua ndefu huanza Machi na wadhamini huchelewa kusaini kuliko ofisi inavyochelewa kulipa.

Sacco hulipa hadwea (duka la vifaa vya ujenzi) moja kwa moja, si wewe. Hilo linazuia pesa za paa kuishia kwenye karo, lakini halizuii ujanja wa hadwea. Risiti inasema geji (kipimo cha unene wa bati) 28, lori linaleta geji 30. Kumbuka namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Soma mhuri uliopigwa kwenye kila bati kabla halijashushwa. Hesabu pia idadi: paa la mita za mraba 60 kwa bati za mita 3, ukitoa zinapolaliana, linakula kama 28, na 3 za ziada kwa kukata. Fundi akiandika 45, muulize 14 ni za nyumba ya nani.

Ile asilimia 20 ya mwisho usiisaini mpaka mvua moja nzito ipite. Ukipata pesa za kulipa mapema, dai ratiba mpya ya malipo iliyoandikwa, kwa sababu mfumo wao huendelea kukata kiasi kilekile cha zamani usipodai, na mkopo ukiisha dai barua ya kuwaachilia wadhamini siku hiyohiyo.