Risiva ya chaneli sita niliyoilaumu bure

Nina miezi minne na risiva hii, kile kidude kinachopokea amri za rimoti. Imo ndani ya boti niliyoiunda mwenyewe, mfano wa kivuko, yenye mota mbili nyuma na usukani unaozungushwa na sevo, yaani mota ndogo ya kugeuzia. Niliagiza Dar, ikaja na basi, shilingi 38,000 bila rimoti. Chapa siitaji, maana mwezi wa kwanza niliitukana mno na leo naona aibu kidogo.

Ilikuwa Jumapili, Luchelele, ziwani hapa Mwanza. Boti imefika kama hatua arobaini kutoka ufukweni, nikakata kona kali kuirudisha, ikazima. Ikawaka. Nikakata tena, ikazima tena. "Anko, imekata moto!" mpwa wangu akapiga kelele, watoto wote wakageuka. Nilimpa kijana mwenye mtumbwi elfu mbili akaifuate. Akaileta ameishika kama sato, akauliza eti inakula petroli kiasi gani.

Kesho yake nikaenda kwa fundi redio Makoroboi nikiwa nimeshaamua kwamba nimeuziwa kimeo. Fundi hata hakuifungua. Alichomeka ncha za mita kwenye chaneli iliyo wazi, yaani tundu la risiva lisilochomekwa kitu, moja pini ya kati, nyingine pini ya hasi. Volti 5.0. Akaushika usukani usitembee, akaniambia, "Haya, kata kona." Mita ikaporomoka hadi 3.4 na kitaa chekundu cha risiva kikazimika mbele ya macho yangu. Kibandiko chake kinasema volti 4.0 hadi 6.5.

"Risiva haina kosa, kaka. Ina njaa."

Kumbe umeme wa risiva na sevo nilikuwa nautoa kwenye ESC, kile kidude kinachodhibiti mwendo wa mota. Ndani yake kuna sehemu inayoshusha umeme wa betri hadi volti 5, inaitwa BEC. Yangu ni ya aina ya zamani, ya ampea moja, inayogeuza volti za ziada kuwa joto. Betri yangu ni ya volti 11.1. Piga hesabu: ukivuta ampea moja, wati 5 zinafanya kazi na wati 6 zinaishia kuchemsha kidude. Sevo ikikwama inaweza kutaka zaidi ya ampea moja, basi volti zinaanguka, risiva inajizima, inawaka, inaanza kuitafuta rimoti upya. Na mimi hapo ufukweni nabonyeza tu.

Kosa la pili lilikuwa langu kabisa. Nina ESC mbili, na zote zilikuwa zinaingiza umeme kwenye risiva, kila moja na volti zake, zinasukumana. Tulinunua BEC ya kujitegemea, ya ampea 3, shilingi 15,000, tukaiunga kwenye betri na plagi yake kwenye tundu la umeme la risiva. Kisha tukachomoa waya mwekundu, ule unaoleta umeme, kwenye plagi za ESC zote mbili. Mweusi na ule wa ishara vikabaki. Usiukate huo mwekundu. Inua kilimi cha plastiki kwa sindano, pini inatoka yenyewe, uifunge kwa utepe wa umeme.

Tangu siku hiyo haijazima hata mara moja. Umbali wa kufika niliuhangaikia kidogo, kwa sababu risiva niliilaza chini kabisa ya boti, na mawimbi ya rimoti, ya gigahezi 2.4, hayapiti majini. Nikaihamishia juu, karibu na sitaha, ile ncha ya antena ya sentimita tatu isiyo na ganda ikasimama wima. Sasa naifikisha mbali kuliko macho yangu yanavyoweza kuona imeelekea wapi.

Malalamiko yangu ni kwenye karatasi ya maelekezo: herufi za chungu, na kuhusu umeme kuna mstari mmoja tu. Alama za pini nazo zimechapwa kwa rangi iliyofifia, plagi ya sevo niliigeuza mara mbili. Kuiunganisha na rimoti, kwa upande mwingine, ni sekunde chache. Na ishara ikipotea mota zinasimama, ilimradi uliweka hivyo mwenyewe. Mimi hupima kwa kuzima rimoti propela zikiwa nje ya maji.

Ningeinunua tena, ila pamoja na BEC siku hiyo hiyo. Wiki iliyopita imesimama mara moja, lakini hapo ni magugu maji yaliyojisokota kwenye propela. Kijana wa mtumbwi siku hizi anataka elfu tatu.